Ukisema "hapana", nini kinafuata?

Hapa Lubumbashi dada akisema "shefu ananisumbua", watu wanafikiria kitanda tu. Lakini kusumbuliwa kazini kuna sura nyingi. Katika kampuni ya usafirishaji nilikofanya kazi, mhasibu mmoja, baba mzima wa Katuba, alinyang'anywa vitabu vyake vya hesabu bila maelezo, akakalishwa karibu na mlango bila kazi yoyote. Kila mkutano shefu alimwita "mzee wa kulala" mbele ya vijana. Hakuguswa hata kidole, ila alinyanyaswa.

Si kila shefu mkali ni mnyanyasaji. Wangu wa kwanza alipiga kelele hadi madirisha yanatetemeka, lakini ukisharekebisha faktura (ankara), yamekwisha. Mnyanyasaji haridhiki: unarekebisha hili, anazua lile, maana shida yake si faktura.

Kwa upande wa ngono, mimi naangalia kinachofuata baada ya kukataa. Shefu mwingine aliniambia tukazungumzie kontra yangu ya kazi hotelini. Nikamjibu, "Hapana, papa, tuongelee hapa biro." Akacheka, eti ni mchezo tu. Mwisho wa mwezi pesa yangu ya transporti ikakatwa, na jina langu likaondolewa kwenye orodha ya mafunzo. Mchezo gani huo unaomkatia mtu mshahara? Walio kwenye majaribio na vibarua wa kutwa ndio wanaowindwa zaidi, kwa kuwa kuwafukuza ni rahisi.

Sheria ipo. Kanuni ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inahesabu unyanyasaji, wa kingono au wa kumvunja mtu heshima, kuwa kosa zito la mwajiri. Mfanyakazi anaweza kuvunja kontra bila notisi, ila lazima aandike barua, tena haraka. Sheria ya 2006 kuhusu ukatili wa kingono iliweka kifungo cha mwaka 1 hadi 12, au faini, kwa anayetumia cheo kudai ngono. Lakini kwa sheria hiyo kesi haianzi mpaka aliyetendewa mwenyewe ashitaki.

Kwa hiyo andika: tarehe, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Meseji za WhatsApp usifute, hata zikikutia kichefuchefu. Mjumbe wa sendika (chama cha wafanyakazi) anaweza kukusindikiza kwa Inspeksheni ya Kazi, ofisi ya serikali inayokagua mambo ya kazi (kama yeye mwenyewe si wa kula mezani kwa shefu, maana wa hivyo wapo!). Na nakala zako ziweke nyumbani, si kwenye kompyuta ya kampuni, kwa sababu siku ya ugomvi hiyo ndiyo inafungwa kwanza.