Mashine ipi ya kunoa mikasi ya saluni, na cheti ni lazima?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Morogoro, nafanya kazi saluni na mama yangu ni fundi cherehani. Nataka kuanza kunoa mikasi, maana huku tunawapa wanoa visu wa baiskeli na mkasi ukirudi unatafuna nywele badala ya kukata. Nimeona mtandaoni mashine ya Marekani inauzwa zaidi ya dola elfu moja, ukiinunua unapata mafunzo na cheti. Niichukue? Au grainda ya mezani inatosha? Na bila cheti naruhusiwa kunoa mikasi ya watu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na huo mkasi unaotafuna nywele, kwasababu ukielewa kilichoupata, mambo ya mashine na cheti nusu yake utajijibu mwenyewe.

Mkasi sio visu viwili vilivyounganishwa na skrubu. Kisu kinakata peke yake, mkasi unakata kwa bledi mbili kupitana zikiwa zimegusana. Chukua mkasi wowote mzuri, ufunge, uuinue usawa wa macho uelekee dirishani, utaona mwanga unapita katikati ya bledi. Usidhani umepinda, umetengenezwa hivyo makusudi, kila bledi imekunjwa kidogo sana ili zigusane pale tu panapokata kwa wakati huo, na hapo panahama toka kwenye skrubu kwenda nchani kadiri unavyofunga. Halafu ule upande wa ndani, kwa mikasi mingi ya saluni, umechimbwa kidogo, na pembeni ya huo mchimbo kuna mstari mwembamba unaong'aa. Bledi zinatelezeana juu ya huo mstari.

Sasa mnoa visu wa baiskeli (ambaye kwa visu na panga namheshimu, na changu nampelekea) anaona ukingo butu, anauweka kwenye jiwe. Nje ananoa, sawa. Ila akigeuza akapitisha na ndani ili kusafisha, ndo kwisha habari, ule mstari umeliwa, bledi haziwezi tena kubanana, nywele inaingia katikati inakunjwa na mteja anaruka kwenye kiti. Kwahiyo sheria ya kwanza kabla hata ya kununua kitu: jiwe linalozunguka haligusi ndani ya mkasi, kamwe. Ndani unalaza bledi bapa juu ya jiwe laini la mkono, unapitisha mara chache kwa wepesi, basi.

Cha pili ujue ni mkasi wa aina gani umeshika. Kuna ile ya mtindo wa Kijerumani, ya Solingen na inayoigiza, ukingo wake umekatwa mshazari unaoonekana kwa macho na mara nyingi bledi moja ina vimeno vidogo vya kushika nywele isikimbie. Na kuna ya Kijapani, ukingo wake umetuna kwa nje bila kona yoyote, wenyewe tunauita konveksi, huo ni mkali kama wembe na ndo ule msusi anautumia kukata huku anatelezesha. Mkasi wa fundi cherehani ni wa mshazari, kwenye digrii 60 hivi. Konveksi iko chini ya hapo, karibu 45. Ukiubana konveksi kwenye mashine ya kunoa mshazari utatoka unakata vizuri tu, kwenye karatasi utafurahi, ila mwenyewe akijaribu kutelezesha unakwama, na hapo umeshambadilishia mkasi wake kuwa mkasi mwingine bila kumwambia.

Grainda ya mezani, hapana. Jiwe la nchi sita linazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, yaani ukingo wa jiwe unapita kama mita 23 kila sekunde, na ukingo wa mkasi ni mwembamba, joto halina pa kukimbilia. Kwenye chuma cha kaboni, kama mikasi mingi ya zamani ya mafundi nguo, utaona rangi ya njano inaanza nyuzijoto 200 na kitu, ikifika bluu ni kama 300, na hapo pameshalainika, makali hayakai wiki. Mikasi ya saluni mingi ni chuma kisichoshika kutu, mfano 440C ambayo ina kromiamu asilimia 16 mpaka 18, na hiyo ni ya kudanganya zaidi maana kromiamu inachelewesha rangi kutokea, kwahiyo unaweza kuwa umeuunguza mkasi na bado unang'aa vizuri tu. Usisubiri rangi ikuambie. Kama kidole hakivumilii, ni moto mno.

Sasa hiyo ya dola elfu moja. Kwa maelezo yako nadhani ni zile za sahani bapa, kama Hira-To ya Wolff Industries, sahani inazunguka ikiwa imelala na mkono maalum unaushika mkasi kwenye pembe yake. Ni mashine nzuri, siipondi, na kwa konveksi ndo imetengenezewa. Lakini angalia mambo haya kabla hujatuma hela. Mashine ya soko la Marekani inatumia umeme wa volti 120, hapa kwetu ni 230, utahitaji transfoma, na kama mota yake inategemea hezi 60 basi kwenye 50 zetu itazunguka taratibu zaidi. Sahani na karatasi zake zinaisha, na kila zikiisha unaagiza nje, unalipia usafiri na ushuru. Kubwa kuliko yote, mashine inashika pembe uliyoipa, haijui kama pembe yenyewe ni sahihi. Mtu asiyeweza kusoma ukingo wa mkasi anaharibu haraka zaidi akiwa na mashine.

Kuna na Tormek ya Sweden, T-8, hiyo inazunguka mara 90 tu kwa dakika na jiwe lake liko ndani ya maji, joto hakuna. Ina kifaa cha kubana mikasi kinaitwa SVX-150. Kwa mikasi ya mafundi nguo, ya jikoni na ya bustani ni raha tupu. Kwa konveksi sikushauri. Bei nayo sio ya kitoto, ila ukishapata wateja mafundi nguo wa kutosha inajilipa.

Mimi kwa hali yako ningeanza na mawe ya maji ya mkono. Moja la namba 1000, moja la 3000, moja la 6000 au 8000 (namba ikipanda jiwe ni laini zaidi), na yawe yameandikwa namba na jina la mtengenezaji, yale yasiyo na namba yoyote yaache hukohuko dukani. Kioo kinene na msasa wa maji wa kusawazishia mawe yenyewe, maana jiwe likishakuwa na bonde linakupa ukingo wenye bonde. Lenzi ya kukuza mara kumi. Bisibisi inayokaa sawasawa kwenye skrubu, sio ile ya nyumbani inayokwangua. Mafuta mepesi ya cherehani, mama anayo tayari. Na makapeni nyeusi, hii ndo mwalimu wako: paka wino ukingoni, pitisha mkasi kwenye jiwe mara moja, angalia kwa lenzi wino umetoka wapi. Umetoka kwa juu tu, umelaza mno. Umetoka ukingoni tu, umesimamisha mno. Umetoka wote, endelea hivyohivyo. Na umeme ukikatika kazi inaendelea, sio jambo dogo hilo.

Ukimaliza nje utasikia kwa kidole, upande wa ndani, unyuzi wa chuma umejikunja. Usiufunge mkasi kabla hujautoa! Bledi zitang'atana na kazi yote imepotea. Lalisha ndani kwenye jiwe laini uutoe, ndo ufunge taratibu. Halafu skrubu: shika pete moja, inua bledi nyingine mpaka mkasi uwe wazi kama herufi L, uachie. Ukishuka mpaka ukafunga kabisa umelegea, ukiganda palepale umekaza mno, unatakiwa ushuke usimame njiani. Malalamiko mengi ya mkasi butu ni skrubu tu, na hapo kama ni mwaminifu hunoi, unakaza unachukua hela ya soda.

Kujaribu: konveksi kata karatasi ya tishu iliyolowana, toka shina mpaka ncha, isivutwe hata kidogo. Mkasi wa fundi nguo, jaribu kwenye shifoni au hariri, na malizia nchani kabisa maana nchani ndo pananyimwa makali kila siku.

Haya, cheti. Hata huko Marekani leseni za majimbo zinawahusu wasusi na vinyozi, mnoaji anapata cheti kwa aliyemuuzia mashine au kwa vyama vya wanoaji wenyewe, kama National Beauty Sharpeners Guild. Kwahiyo hakuna cheti cha kukuruhusu, kuna cheti cha kukutambulisha, na vinatofautiana sana. Swali la kuwauliza hao wanaokuuzia ni moja: kuna mtu atashika mikasi niliyonoa kwa mkono wangu, aijaribu kwa kukata, anifelishe kama ni mibovu? Kama jibu ni video na maswali ya kuchagua, hiyo ni risiti iliyowekwa fremu.

Kwa hapa nyumbani VETA wana utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi, mtu aliyejifunzia kazini anapimwa na kupewa cheti, na Kihonda hapo wako karibu na wewe, kaulize fani ipi iliyo jirani na kunoa wanaweza kukupimia. Wasomaji wa Kenya waangalie NITA, wana mitihani ya ufundi kwa madaraja. Cha serikali ambacho hakikwepeki ukifungua sehemu ya kazi ni TIN ya TRA na leseni ya biashara ya manispaa, hizo usiziruke.

Jambo moja la cheti lina maana kweli: baadhi ya kampuni za mikasi ghali zinafuta garantii ukinolewa na mtu wasiyemtambua. Kwahiyo mteja akikuletea mkasi mpya wa bei, muulize kwanza, na kabla hujaugusa andika kwenye daftari hali uliyoukuta nayo, mapengo, skrubu, ndani pameguswa au la, naye aone.

Wa kupunguzia nywele, wenye meno, noa bledi isiyo na meno tu. Wa mkono wa kushoto kila kitu kimegeuzwa, soma mara mbili kabla hujaanza. Na ule wa mama wa zigizaga, huo una namna yake ya kunolewa na meno yakipishana kidogo tu haufungi tena, mwambie mama bado.