Kuzuia baridi kwenye mlango mdogo wa paka

Ndugu, umeuliza namna ya kuzuia baridi inayopenya kwenye mlango mdogo wa paka bila gharama kubwa. Anza na kingo, kwa kuwa upepo hupita zaidi pembezoni mwa kile kifuniko cha plastiki kinachoning'inia: pitisha mkono polepole kuzunguka fremu, na pale unapohisi ubaridi bandika utepe wa sponji wenye gundi, mwembamba kiasi cha kutozuia kifuniko kurudi mahali pake. Kisha tundika upande wa ndani pazia la blanketi kuukuu, lililopasuliwa katikati ili paka apite bila hofu. Tafadhali usiuzibe kabisa mlango huo akiwa nje, kwani baridi kali inaweza kumuua.