Wanaougua katikati ya jaribio la chanjo: je, wanafichwa?

Mleta mada ameuliza mambo mawili. Kwanza, kama watafiti wa chanjo huwaficha watu wanaoumwa au kufa katikati ya jaribio. Pili, dada yake amealikwa kushiriki kwenye jaribio la namna hiyo, akubali au akatae? Mimi nilikuwa karani wa takwimu kwenye jaribio la awamu ya tatu, lile kubwa la mwisho kabla ya kibali, la chanjo ya watoto, kwa hiyo nitaeleza yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Mkuu, kuficha ni kugumu kuliko unavyodhani, kwa sababu kila kitu huandikwa, hata kile ambacho kwa akili ya kawaida hakihusiani na sindano. Namkumbuka mtoto aliyeanguka kutoka mtini akavunjika mkono. Alilazwa, na akishalazwa tu, kwa lugha ya utafiti hilo ni tukio zito. Fomu ikajazwa: tarehe ya dozi ya mwisho, saa aliyoanguka, dawa alizopewa, amepona au bado. Taarifa ilitakiwa iwafikie wadhamini wa utafiti ndani ya saa 24. Muuguzi mmoja mgeni akacheka, akauliza kama chanjo ndiyo iliyomsukuma. Daktari akamjibu kavu kabisa: "Huenda alipata kizunguzungu. Wewe andika."

Sasa chukua orodha ya fomu kama hizo, uitoe nje bila maelezo. Yeyote atakayeisoma atatetemeka. Ukiwafuatilia watoto maelfu kwa miaka miwili, wapo watakaopata nimonia, wapo watakaoungua maji ya moto, na wapo watakaofariki, wachanjwe wasichanjwe. Zile picha za orodha zinazosambazwa mitandaoni nyingi ni za aina hii. Huwezi kujua chochote mpaka uweke kando yake orodha ya kundi la pili, lile lililopewa plasebo (sindano isiyo na chanjo ndani yake) au chanjo ya ugonjwa mwingine, halafu ulinganishe.

Na sisi tuliokuwa tunajaza fomu hatukujua nani yuko kundi gani. Dozi zilitambulika kwa namba tu. Waliokuwa na ruhusa ya kuangalia matokeo kwa makundi wakati kazi inaendelea ni kamati huru ya usalama, watu wasio na mkono kwenye uendeshaji wa utafiti, na wao wanaweza kushauri kazi isimame. Jaribio la chanjo ya VVU ya kampuni ya Merck lilisimamishwa hivyo mwaka 2007, ilipoonekana kwamba haikingi.

Kutojua huku, ambako kunawahusu hata washiriki wenyewe, kuna faida nyingine. Kwenye majaribio ya chanjo za Uviko-19, uchambuzi uliotoka mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya waliopewa plasebo waliripoti uchovu, kuumwa kichwa na mengineyo ya mwili mzima baada ya dozi ya kwanza. Hawakuwa waongo. Mtu akitegemea kuumwa, anajisikiliza, na bila kulinganisha makundi ungeilaumu chanjo kwa yote hayo.

Pale ambapo wasiwasi wa mleta mada una mashiko ni kwenye madhara adimu. Hesabu yake ni rahisi: ukichanja watu 3,000 na tukio fulani lisimpate hata mmoja, bado linaweza kuwa linampata mtu 1 kati ya 1,000. Ukitaka kuwa na uhakika kwamba halimpati zaidi ya 1 kati ya 10,000, unahitaji watu kama 30,000. Hapa ndipo RotaShield ilipokwama. Ilikuwa chanjo ya virusi vya rota, vinavyoharisha watoto, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1998. Kabla ya hapo, kati ya watoto 10,054 waliochanjwa kwenye majaribio, watano walipata tatizo la kipande cha utumbo kuingia ndani ya kingine. Kwenye kundi la pili la watoto 4,633 alipata mmoja. Kitakwimu, tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu. Ilipoanza kutolewa kwa watoto wengi, ripoti zikaja mfululizo, na mwaka 1999 ikaondolewa. Chanjo mbili zilizofuata, Rotarix na RotaTeq, kila moja ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 60,000 kabla ya kuruhusiwa. Kwa hiyo ufuatiliaji baada ya kibali ni sehemu ya utafiti wenyewe, na anayekwambia jaribio limemaliza kila swali usimwamini.

Kuna mchangiaji hapo juu amesema chanjo ya asilimia 95 maana yake watano kati ya mia waliochanjwa wataugua. Hapana. Kwenye jaribio la Pfizer na BioNTech waligawanywa watu zaidi ya 43,000, nusu kwa nusu. Waliougua Uviko-19 wenye dalili walikuwa 170: 162 upande wa plasebo, 8 upande wa chanjo. Hiyo 8 ikilinganishwa na 162 ndiyo inayotoa asilimia 95. Yaani wanane katika watu zaidi ya elfu kumi na nane waliohesabiwa upande wa chanjo, kwa muda ule waliofuatiliwa.

Kuhusu dada: asikubali wala asikatae kabla ya kusomewa fomu ya ridhaa yote, na aachiwe nakala. Aulize kundi la pili linapewa nini. Aulize akidhurika nani anamtibu na kwa gharama ya nani, na jibu liwe limeandikwa, lisiwe la mdomo. Aulize namba ya simu ya kupiga usiku wa manane ni ipi, kisha aipige aone kama inapokelewa. Tulikuwa na mama mmoja aliyefanya hivyo usiku wa kwanza kabisa. Daktari wa zamu alinung'unika, lakini alipokea. Na ajue anaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na haki yake ya matibabu ya kawaida haiguswi. Akiona anaharakishwa kutia sahihi, aondoke.