Bolti za fremu ya sola kulegea kila upepo ukivuma

Ndugu, bolti zikilegea hivyo kila upepo ukivuma usizikaze tu kwa nguvu, ukizidisha inavutika na siku moja inakatika yenyewe. Washa ya springi haisaidii sana kwenye mtikisiko, weka nati zenye plastiki ndani, kaza kwa spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha mtengenezaji halafu piga mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye fremu, mistari isipokutana tena ujue nati imezunguka. Na karibu na bahari tafuta bolti na nati za stenlesi ya daraja la A4, inayostahimili chumvi zaidi, sio A2, tena nati ya stenlesi kwenye bolti ya stenlesi inang'ang'ania vibaya mno hadi unaikata ndio itoke, so paka grisi ya kuzuia kung'ang'ania kwenye thredi ila hapo toki ya kukazia inabidi uipunguze.