Nyumba inavuja na hakujanyesha? Panda dari kwanza

Kama ndio umeanza kazi ya paa hapa Nairobi, kuna simu utapigiwa tu mwezi wa saba: fundi, nyumba inavuja. Sasa kama hakujanyesha wiki mbili, wacha silikoni kwa gari.

Mimi niliipaka mara tatu. Nyumba ya mama mmoja Lang'ata, mabati geji 28, tuliezeka wenyewe, na silingi ya jipsamu imetoka madoa ya rangi ya chai pale kwa korido. Naziba misumari, baada ya siku chache ananipigia tena, "Fundi, pesa yangu unakula na hakuna kitu unafanya," na hakuwa ananionea. Mara ya nne nikaenda saa kumi na mbili asubuhi, nikapanda dari na tochi. Kila msumari uliokosa mbao ulikuwa na tone la maji limening'inia kwa ncha, mbao zimeanza ukungu mweusi, na nje ni kukavu kabisa.

Iko hivi, usiku wa baridi mabati yanapoa hadi kupita hewa yenyewe, so mvuke wa kupika na kuoga ukiyagusa unageuka maji. Na hapo bomba la feni ya bafu liliachiwa juu ya silingi, halikutoka nje, alafu upenu wote tulikuwa tumeuziba na mbao safi, mimi huyo najisifu.

Kwa hivyo anza na hilo bomba, litoe nje. Alafu weka matundu chini kwa upenu na mengine juu karibu na riji, pale kilele cha paa, yote mawili, kwa sababu hewa moto ikitoka lazima ingine iingie. Permavent za juu ya dirisha ni za chumba, hazisaidii dari. Marekani hupima mita 1 ya mraba ya uwazi kwa kila 300 za dari, nusu chini nusu juu, so nyumba ya mita 90 unatafuta kama 0.3, na wavu unakula sehemu yake. Wavu lazima lakini, popo wa huku hawabishi hodi.

Huyo mama nilimrudishia pesa ya silikoni. Madoa tulipaka rangi mwezi wa tisa, mbao zikishakauka.