Swali la Lugha: Karatasi ya fundi tuiiteje ikiingia kwenye kompyuta?

Msomaji mmoja, fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, ameniandikia hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Marehemu bibi yangu alikuwa fundi wa magauni na kanzu. Ameniachia mfuko mzima wa karatasi za kukatia, nyingine za kaki, nyingine magazeti ya zamani, na zimeanza kuchanika kwenye mikunjo. Ninaziingiza kwenye kompyuta moja moja, ili mtu wa Pangani au wa Mwanza anunue faili, alipakue, alichape steshenari, aunge kurasa zake, akate kitambaa. Kazi yenyewe naiweza. Linalonishinda ni maneno. Dukani tunasema pateni. Mdogo wangu aliyeko chuo anasema Kiswahili sanifu ni ruwaza. Rafiki yangu anasema kigezo. Programu ya kutafsiri imenipa kielelezo, na pale pa kuachia nafasi ya kushonea imeandika 'posho ya mshono'. Niandike nini nisijiaibishe? Na huko kuzitoa kwenye karatasi kuzitia kwenye faili kunaitwaje?"

Marahaba, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yako, na akubariki wewe kwa kutoziacha karatasi zake ziliwe na mchwa.

Jibu nikupe mwanzo, maana una kazi mkononi: andika kiolezo. Kiolezo cha gauni, kiolezo cha kanzu, violezo vya nguo za watoto.

Mdogo wako hakukosea kulijua neno ruwaza, ila amelipeleka pasipo pake. Siku hizi ruwaza hutaja mpangilio unaojirudia kwa utaratibu. Namba 2, 4, 8, 16 zina ruwaza. Wanaisimu nao huzungumzia ruwaza za sauti na za maneno. Kipande cha karatasi chenye umbo la mkono wa gauni hakijirudii popote. Kinachojirudia ni yale maua ya kwenye kitenge, nayo tunayaita maua, au nakshi. Khanga ndiyo kabisa: ina pindo, ina mji, ina jina, na sijawahi kumsikia mama wa Tanga akiuliza ruwaza ya khanga. Mkorogo huu umetoka kwa Kiingereza, ambako neno moja, pattern, linabeba vyote viwili, maua ya kitambaani na karatasi ya kukatia. Anayetafsiri kwa kamusi bila kuuliza fundi atachukua la kwanza analoliona.

Kigezo kina haki zaidi. Kimetoka kwenye kugeza, yaani kulinganisha kitu na kingine, kukiigiza, na zamani kiliweza kuwa kijiti au kamba ya kupimia. Rafiki yako kasimama kwenye ardhi ya Kiswahili. Lakini neno nalo huhama. Leo Mtanzania akisikia vigezo, sikio lake linamalizia lenyewe: na masharti kuzingatiwa. Vigezo ni vya kupata mkopo, vya kujiunga na chuo, vya kuomba kazi. Ukimwandikia mteja "vigezo vya gauni namba 12" atadhani unamweleza nani anaruhusiwa kulivaa.

Kielelezo, hicho kinaeleza. Picha ya kitabuni ni kielelezo, kisu kinacholetwa mahakamani ni kielelezo. Ukiniletea picha ya gauni lililokamilika, limevaliwa na mtu amesimama, umeniletea kielelezo chake, na kwenye faili lako utakihitaji pia, ukurasa wa kwanza. Lakini hakikatiwi kitambaa.

Kinachobaki ni kiolezo. Kitenzi chake ni kuoleza: kukitengeneza kitu kwa kufuata kingine kilichopo. Wengi wetu kitenzi hiki tumekiacha, tunasema kufuatisha, na sioni ubaya. Lakini nomino yake imebaki hai, na ninaipenda kwa sababu moja ambayo fundi ataielewa kuliko mtu yeyote. Haisemi kitu kimetengenezwa kwa nini. Inasema kazi yake tu.

Fikiria bibi yako kabla hajawa na mfuko wa karatasi. Mteja anamletea gauni lililochakaa, anamwambia, nishonee kama hili. Bibi analifumua mshono kwa mshono, analipiga pasi, anakitandaza kila kipande juu ya kitambaa kipya, anazungushia chaki. Gauni lile kuukuu lilikuwa kiolezo. Baadaye akaona nguo haifumuliwi kila siku, akafuatisha vipande vyake kwenye kaki. Kaki ikawa kiolezo. (Huko Marekani karatasi za namna hii, za saizi mbalimbali, zilianza kuuzwa na fundi Ebenezer Butterick mwaka 1863. Ni biashara yako hii hii, tofauti yake ni posta.) Sasa wewe unafuatisha kaki kwenye kompyuta, na faili linakuwa kiolezo. Kitambaa, karatasi, faili: neno halikubadilika hata herufi.

Na pateni? Endelea nayo dukani. Mafundi wameitohoa wenyewe, wameipa irabu ya mwisho, inakaa vizuri mdomoni, na mteja akisema pateni usimsahihishe. Ningependa tu kwenye maandishi utangulize kiolezo, kisha mara moja, hapo mwanzoni, uandike "kiolezo, yaani pateni". Atakayekijua kimoja atakifikia cha pili.

Sasa nikupeleke kwenye jambo ambalo hukuniuliza, nami siwezi kulipita. Umesema kwenye mfuko wa bibi mna violezo vya kanzu. Tafadhali, utakapoandika majina juu ya vipande, usiandike "paneli ya mbele", "paneli ya pembeni", "kipande namba 4". Kanzu ina majina yake ya tangu enzi. Kipande cha mbele na cha nyuma ni badani, badani ya mbele na badani ya nyuma. Vile vya ubavuni vinavyoifanya kanzu ipanuke kuelekea chini ni taharizi. Kile kidogo cha kwapani, kinachomwezesha mtu kunyanyua mkono bila kuipasua nguo, ni kikwapa. Shingoni kwa ndani ni kaba, na mwisho wa mkono ni sijafu. Badani imetokana na Kiarabu, neno la mwili. Kikwapa ni chetu wenyewe, kutoka kwapa. Maneno haya yamo katika kamusi zetu, lakini kamusi haiwezi kumwonyesha kijana taharizi ina umbo gani. Faili lako linaweza. Kijana wa Bagamoyo au wa Dodoma atachapa kurasa, ataviunga vipande, atakiona kile chenye upande mmoja wa mshazari, na juu yake pameandikwa TAHARIZI. Tangu siku hiyo hatalisahau. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na sina kifaa cha kufundishia kinachofikia hicho.

Hiyo "posho ya mshono" iondoe leo. Posho hulipwa mtu, au huliwa. Mashine imeona neno la Kiingereza lenye maana mbili, allowance, ikaokota isiyo yako. Fundi anapokata huacha ya kushonea, na akiacha zaidi ili nguo iweze kupanuliwa mwili ukiongezeka, husema ameacha akiba. Andika "nafasi ya mshono", halafu useme imo au haimo: "Nafasi ya mshono ya sentimita 1.5 imo ndani ya kiolezo." Hilo la imo na haimo ndilo zito. Mteja asipoambiwa ataongeza juu ya iliyokwisha kuongezwa, au hatoongeza kabisa, na nguo haitamwingia.

Ule mshale mrefu unaoonyesha kipande kilalie upande gani wa kitambaa, uite mshale wa mtande. Mtande ni nyuzi za urefu, zile zinazotangulia kutandwa. Zinazopita kwa upana zikizikatiza ni mshindio. Ni msamiati wa wafumaji. Mshale ulale sambamba na mtande, yaani sambamba na ukingo wa kitambaa. Anayeshona vitenge anajua kwa mikono yake kitambaa kinavyovutika kikikatwa mshazari, hata kama jina la mtande hajawahi kulisikia.

Swali lako la pili: kuzitoa karatasi kuzitia kwenye faili kunaitwaje? Watu wanasema kudijitisha, na ofisini wanasema kuweka katika mfumo wa kidijitali. Sikatazi. Ila kwa fundi naona neno hilo moja linaficha kazi mbili zisizofanana, na anayezichanganya ndiye anayeuza faili bovu. Kazi ya kwanza ni kuskani. Skana nyingi za steshenari hupokea karatasi ya A4 tu, sentimita 21 kwa 29.7, kwa hiyo badani inapigwa kwa mafungu na mafungu yanaungwa. (Kuna wanaopendekeza tuseme kutambaza. Linaeleweka. Kuchanganua ndilo nisilolitaka hapo, kwa kuwa anayechanganua anatenganisha jambo alielewe, na skana haielewi kitu.) Ukimaliza kuskani una picha tu. Picha ni nukta. Ukiikuza mistari inafifia na kupanda ukungu, mikunjo ya gazeti inaonekana, na kama umepiga kwa simu iliyoinama, vipimo vimeshapinda. Kazi ya pili ni kufuatisha: kwa programu kama Inkscape, ambayo hailipiwi, unapita juu ya ile picha unachora mistari upya, mmoja mmoja, kisha picha unaifuta. Mstari wa namna hiyo ukiukuza unabaki mkali vilevile. Ni kuoleza kulekule kwa bibi, bila chaki. Kwa hiyo sema "nimeziskani" ukiwa umezipiga picha tu, na "nimezifuatisha" ukiwa umechora. Mteja ana haki ya kujua anauziwa kipi.

Faili la kuchapwa uliite "kiolezo cha kuchapa". Nimeona watu wanahangaika na "kinachochapika", "chenye uwezo wa kuchapwa". Sarufi inaviruhusu, lakini sisi husema maji ya kunywa, chumba cha kulala, nguo ya kuvaa; hakuna anayeuliza maji yanayonyweka. Na ni kuchapa. Kuchapisha nako hutumika kwa kazi ya printa, ila siku hizi kumeegemea zaidi kwenye kutoa kitabu au gazeti liwafikie watu. Ukiandika "usichapishe kiolezo hiki", mwingine ataelewa unamkataza kukisambaza, mwingine kwamba asikitoe kwenye karatasi. Kwa katazo la kwanza andika "usisambaze".

Mwisho ni yale maelekezo ya kuchapa, na hapo lugha ikiteleza kitambaa kinaharibika. Printa nyingi hupenda kukipunguza kiolezo ili kitoshe karatasi. Ikikipunguza hadi asilimia 95, kiuno cha sentimita 80 kinakuwa 76, na mteja atakulaumu wewe. Mimi ningechora mraba wa kupimia kwenye ukurasa wa 1, kisha ningeandika hivi: "Chapa kwa asilimia 100. Printa isipunguze wala kukuza. Chapa kwanza ukurasa wa 1, upime mraba wa kupimia kwa rula. Kila upande uwe sentimita 10 kamili. Ukipungua au ukizidi, usiendelee." Sentensi fupi fupi, kwa sababu atakayezisoma huenda si mteja bali kijana wa steshenari mwenye watu watano kwenye foleni. Nimechagua sentimita 10 badala ya 5 zinazozoeleka kwa kuwa kosa huonekana zaidi: kwa asilimia 95, mraba wa 5 unakuwa 4.75, jicho linaweza kuusamehe. Wa 10 unakuwa 9.5, na hapo hata asiye fundi ataona. Na usiandike "sentimita 10 au inchi 4". Inchi 4 ni sentimita 10.16. Wanaopima kwa inchi wachoree mraba wao, pembeni.

Tofautisha pia karatasi na ukurasa. Ukurasa ni ule wa kwenye faili, wenye namba. Karatasi ni ile inayotoka kwenye printa. "Unga kurasa kwa kufuata namba", lakini "nunua karatasi za kutosha". Kiolezo cha ukubwa wa A0 hujaa karatasi 16 za A4, na kwa kuwa printa nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni, zitazidi hapo. Itaje idadi kabla mtu hajalipa.

Neno faili nalo wengi huliandika "faili hii, ipakue". Wewe umeniandikia "anunue faili, alipakue, alichape". Ndivyo: faili hili, mafaili haya. Andika hivyo hivyo.