Wasiwasi wako na hilo tumbo

Mdogo wangu, unauliza kama wasiwasi ndio unaokuumiza tumbo kila mitihani ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ikikaribia. Inawezekana kabisa, ila kapime kwanza, vidonda vya tumbo navyo vipo. Mimi kilichonishtua zaidi ni hilo ulilolitaja kwa kupita, kwamba unaahirisha kila kitu, maana hapo kuna suala la kujidhibiti. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti walifuatilia watoto wapatao 1,000 waliozaliwa 1972 na 1973. Waliojidhibiti vizuri utotoni walikuwa na afya bora walipofika miaka 32. Wala si uchawi: mwenye kujipangia hulala kwa wakati na sigara haizoei. Na ujanani tabia bado inabadilika. Anza na usingizi, halafu jioni jua likipoa tembea hata hadi Ng'ong'ona, hapo jirani na chuo.